Bibi Arusi Hapandi Jahazi

Riwaya za mapenzi ya baharini zinazotoka Ulaya na Marekani zina haraka ya kuwapandisha maarusi merikebuni. Ndoa ikifungwa leo, kesho nanga inang'olewa, na kazi ya kuwapendanisha wawili hao huachiwa dhoruba, maharamia na chumba chenye kitanda kimoja chembamba. Mwandishi atakayetaka kuuhamishia mtindo huo Mji wa Kale wa Mombasa atakwama kabla chombo hakijaondoka Bandari ya Kale. Jahazi halina chumba cha faragha. Lina shehena, tangi la maji, jiko la kuni, na mabaharia wanaolala popote palipobaki nafasi. Na aliyepanda, mara nyingi, ni mume peke yake.

Sisemi kwamba wanawake wa pwani hawakusafiri. Walikwenda hija, walihamia Lamu na Unguja, walifuata jamaa zao. Lakini safari ya biashara ilikuwa mali ya wanaume na ilipangwa na upepo. Kaskazi, tangu Desemba hivi hadi Machi, ilileta vyombo vya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi iliposhika, vikarudi kwao. Mgeni aliyeoa Mombasa mwezi wa Januari alimaliza fungate lake la siku saba akiwa tayari anahesabu miezi. Hapo ndipo kisa cha Kiswahili cha mapenzi ya bahari kinapopata mwendo wake: arusi, kuagana, kisha msimu ujao na swali lake moja: je, atarudi?

Abdulrazak Gurnah alilielewa jambo hili vizuri katika Desertion, riwaya yake ya 2005. Wasomaji wengi humkumbuka Martin Pearce, Mwingereza anayejitokeza hoi katika mji mdogo wa pwani mwaka 1899, na mapenzi yake na Rehana, ambayo baadaye yanawafikisha Mombasa. Mimi humkumbuka zaidi Azad. Ni mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja na msimu, akamwoa Rehana, akaondoka na msimu kwa ahadi ya kurudi, asirudi. Gurnah hatupeleki chomboni pamoja naye. Hatujui kama alizama au alikuwa na mke mwingine kwao. Tunabaki na Rehana dukani kwa kaka yake, mke asiye na mume na asiye na talaka, na majirani wanaojua kuhesabu misimu kama yeye.

Hali hiyo ni mkasa wa moyo, na ni kesi ya kadhi pia. Katika fikihi ya Kishafi, ambayo ndiyo iliyofuatwa na Waswahili wengi, mke wa mtu aliyepotea bila habari ana kauli mbili juu yake. Kauli kongwe ya Imamu Shafi inamruhusu angoje miaka minne, kisha akae eda ya kufiwa, yaani miezi minne na siku kumi, ndipo aolewe. Kauli mpya inamtaka asubiri mpaka mauti ya mumewe yawe na yakini. Kati ya kauli hizo mbili pana nafasi ya riwaya nzima, na nastaajabu kwamba waandishi wetu hawajaijaza.

Mshairi Mwingereza Tennyson aliijaza kwa namna yake. Katika Enoch Arden, utenzi wake wa 1864, baharia anapotea miaka mingi. Mkewe Annie anaishiwa subira na kuolewa na Philip, rafiki yao wa utotoni. Enoch anarudi, anawachungulia kupitia dirishani wakiwa wamekaa kwa raha, anaamua kunyamaza hadi kifo chake. Yote yanaamuliwa na dhamiri ya mtu mmoja gizani. Kisa hicho kikihamia Ndia Kuu ya Mji wa Kale, Enoch asingeweza kunyamaza hata siku tatu: nahodha aliyemleta angesema, mchukuzi angesema, na kabla ya Ijumaa wazee wa pande zote mbili wangekuwa barazani wakijadili ndoa ipi ni halali. Tennyson anapata majonzi safi. Sisi tungepata mabishano, na sioni kwa nini mabishano yawe na thamani ndogo.

Waingereza nao wana upande wa pili. Katika Persuasion ya Jane Austen, Bibi Croft, mke wa amiri wa jeshi la majini, anajivunia kuvuka Atlantiki mara kadhaa pamoja na mumewe, na anasema majira pekee aliyoteseka ni yale aliyoachwa nchi kavu peke yake. Hoja hiyo ni ya kweli, ila ni ya mwanamke mwenye chumba katika manowari. Wala Austen hakumpa watoto.

Maarusi halisi waliofika Mombasa kwa njia hiyo hawakupata bahati ya akina Croft. Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alimwoa Rosine Dietrich huko Misri mwaka 1842. Walisafiri pamoja kwa chombo cha Waarabu kutoka Aden, wakafika Unguja Januari 1844, na Mei wakahamia Mombasa. Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa imewashika yeye na mumewe. Alikufa siku chache baadaye, na mtoto akamfuata. Walizikwa ng'ambo, upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi hilo la upweke ni dalili kuwa vita vyao vya kiroho katika upande huu wa dunia vimeanza. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi na bado inanikera. Ndani yake Rosine amekwisha kuwa ishara ya kazi ya mumewe, naye hakuacha utenzi kama ule mshairi Mwana Kupona aliomwandikia binti yake mwaka 1858.

Sayyida Salme, binti wa sultani wa Unguja, aliacha kitabu. Aliolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, huko Aden tarehe 30 Mei 1867, na siku hiyohiyo wakaanza safari ya Ulaya, kama riwaya za wenzetu zinavyotaka. Alipochapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, wasomaji wa Ujerumani walikuwa na kila sababu ya kutazamia mapenzi na merikebu. Aliwapa majumba ya Mtoni na Watoro, mama zake wa kambo, vyakula, maradhi na arusi za wengine; mapenzi yake na Ruete pamoja na safari yao aliyapitia kwa kurasa chache tu.