Uzi: Nani atamrudisha darasani afisa wa watoto?

Wadau, siasa zikichemka huku kwetu Garissa, lazima mtu aahidi kituo cha kurekebisha tabia kwa waraibu. Yaani jengo. Atakayefanya kazi ndani hatajwi.

Turudi nyuma kidogo. Kaskazini Mashariki ilitawaliwa kwa hali ya hatari tangu vita vya Shifta hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali waliyoijua wazee wetu ilibeba bunduki, si faili ya ushauri nasaha.

Kisha Katiba ya 2010 ikagawa kazi. Udhibiti wa dawa za kulevya ukaenda kaunti. Maafisa wa watoto wakabaki serikali kuu. Sasa chukua nyumba ambayo pesa zote zinaishia kwa miraa (zao halali, msisahau). Baba ni wa kaunti, mtoto ni wa Nairobi. Hapo ndipo lawama hurushwa, na kila upande una kifungu chake.

Na sheria haingoji mtu. Sheria ya Watoto ya 2001 ilifutwa, ikaja ya 2022. Afisa aliyesomea ile ya zamani, asipofunzwa upya, anaamua maisha ya mtoto kwa sheria iliyokufa.

Ati tulete wataalamu kutoka nje? Mwaka 2020, walimu walipouawa Kamuthe, wenzao wasio wenyeji walihamishwa, na watoto wakabaki bila walimu. Chuo Kikuu cha Garissa kiko papa hapa. Mgombea anayeahidi jengo, muulizeni: kozi za hawa vijana wetu umeziwekea shilingi ngapi?