Galatoni, gitaa lililoahidi kutopasuka

Kwetu Nyabibuye mzee wa kwaya akitaka gitaa lisilo la umeme hasemi "gitaa kavu" kama wasemavyo vijana wa mjini. Anasema galatoni. "Leta lile galatoni." Nimelitumia neno hilo tangu utotoni bila kujiuliza limetoka wapi. Nilidhani ni Kifaransa cha Warundi, maana sisi tuko mpakani na kila neno tusilolijua huwa tunawasingizia jirani zetu. Kumbe ni jina la biashara, kama tunavyoita kila dawa ya meno Colgate.

Nililifukua neno hili kwa sababu ya fedha, si kwa sababu ya usomi. Kwaya yetu ililima maharage msimu mzima, ikauza, ikabaki na shilingi 520,000. Ikaamuliwa linunuliwe gitaa kavu lenye umeme, yaani lile linalopigika lenyewe bila spika, ila ukitaka unachomeka waya. Mimi ndo nikakabidhiwa bahasha, kwa hoja moja tu ambayo hadi leo sijaielewa vizuri: "Wewe unasoma sana."

Nikasoma kweli. Na kila mahali niliposoma niliambiwa nitafute gitaa ambalo uso wake, ule ubao wa mbele wenye tundu, ni ubao mzima na si plaiwudi. Ubao mzima unatetemeka vizuri, sauti inafunguka kadiri miaka inavyokwenda. Ni kweli tupu, sipingi. Nikalipata dukani Dar es Salaam, uso wa mberoshi, sauti kama asali. Nililibeba kwenye basi hadi Kakonko nikiwa nimelipakata kama mtoto mgonjwa.

Hiyo ilikuwa Aprili. Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimekolea, vumbi jekundu hadi kwenye sahani, lilipasuka. Ufa ulianza chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ukaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Mwalimu wa kwaya alilitazama kimya, akaniuliza swali moja: "Mwanangu, hii ni maharage ya nani?"

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma historia badala ya matangazo.

Galatoni linatokana na Gallotone, jina la kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini. Gallo walirekodi muziki na kuuza santuri, na jina hilohilo likabandikwa kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa hukohuko Afrika Kusini. Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka bara hili na vinasa sauti vyake, alikutana na kijana mmoja akipiga gitaa mitaani Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, sauti yake akiimba Kiswahili cha Katanga, basi. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwenye santuri za Gallotone, na hadi leo wapiga magitaa wa Ulaya na Marekani wanahangaika kuzifuatilia zile nyuzi. Mwisho wa miaka ya 50 Bosco alikuwa Nairobi, na vijana wa Afrika Mashariki wakawa wanamsikiliza vidole.

Kwa hiyo kampuni moja ilikuuzia santuri ya kukutia hamu, kisha ikakuuzia na chombo cha kujaribia. Biashara nzuri, lazima tukubali. Neno likasafiri na mali.

Sasa sikia hili. Gitaa la kwanza la John Lennon, yule wa Beatles, lilikuwa Gallotone. Alilipata mwaka 1957 akiwa kijana wa shule Liverpool, na mwaka 1999 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 100,000. Ndani ya tundu lake kulikuwa na karatasi ya kampuni iliyowahakikishia wanunuzi jambo moja tu. Haikusema sauti tamu wala mbao adimu. Iliahidi kwamba halitapasuka.

Niliposoma hapo niliweka simu chini. Wale watu wa Afrika Kusini walikuwa wanajua! Walitengeneza gitaa la bara lenye misimu miwili, mvua na ukame, na wakajua mnunuzi wao anaogopa nini. Dawa yao ilikuwa plaiwudi: tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa zikipishana, nyuzi za mti za tabaka moja zikikata za mwenzake, ili ubao ukitaka kujikunja huku uzuiwe na huku. Ubao mzima hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika ukatanuka, na kiangazi hunyauka. Ukiwa umegandishwa pande zote na hauna pa kukimbilia, unachanika. Ndiyo maana wenye magitaa ghali Ulaya huweka vifaa vya unyevu ndani ya kasha. Nyabibuye kasha lenyewe ni gunia.

Hata mababu walilijua hili. Inanga ya Burundi huchongwa kutoka gogo moja, na enanga ya Wahaya kule Kagera ni ndugu yake. Mchongaji alikuwa anaujua mti, na ubao ulikaukia katika hewa ileile utakayopigwa. Gitaa langu lilitengenezwa mbali, kwenye hewa nyingine, likaletwa kukaukia mikononi mwetu.

Lakini kuna upande mwingine wa historia ulionigusa zaidi. Swali "nichague gitaa gani kwa fedha nilizonazo" ni swali jipya kabisa kwa mwanamuziki wa Tanzania. Miaka ya 60 na 70 vyombo vilikuwa vya wenye bendi. NUTA Jazz, iliyoanza 1964, vyombo ni vya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, jeshi lao. Palipokuwa hapana taasisi palikuwa na mfanyabiashara. Mpigaji akigombana na mwenye bendi alitoka na vidole vyake tu. Ukisoma habari za wanamuziki kuhamahama kutoka bendi hii kwenda ile, usidhani ni tamaa peke yake. Walikuwa wanafuata magitaa. Ndo maana galatoni lilikuwa kitu kikubwa: lilikuwa gitaa ambalo mtu wa kawaida aliweza kulimiliki, akajifunzia nyumbani, kisha ndo akaenda kuomba nafasi kwenye la umeme la bwana mkubwa. Na asiyeweza hata hilo alitengeneza la galoni na waya wa breki ya baiskeli. Watoto wetu bado wanayatengeneza.

Kwa hiyo kwaya ya kijijini kuwa na gitaa lake yenyewe, lililonunuliwa kwa jembe, si jambo dogo. Na mimi nililipasua.

Tuje kwenye ule umeme, maana wazee waliutaka kuliko kitu chochote. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele zikiminywa hutoa umeme. Miaka ya 60 huko Marekani kampuni ya Charles Kaman, mtengeneza helikopta, ilianza kuunda magitaa ya Ovation yenye mgongo wa plastiki, na baadaye kidogo wakaweka fuwele za namna hiyo chini ya daraja la nyuzi. Uzi unatikisika, fuwele inaminywa, umeme unatoka, spika inalia. Magitaa mengi kavu yenye umeme unayoyaona madukani leo ni wajukuu wa wazo hilo.

Shida ni kwamba umeme wa fuwele ni dhaifu, unahitaji kakifaa kadogo ubavuni cha kuukuza, na kakifaa hako kanakula betri. La kwetu lilikula ile ya mraba ya volti 9. Nenda duka lolote Nyabibuye uiulize. Utapewa betri ndogo za saa ya ukutani. Nimekuja kujua yapo magitaa yanayotumia hizohizo za saa, lakini nani alinikumbusha kuuliza? Na katika gitaa la bei ya chini, kila shilingi iliyoingia kwenye kile kisanduku chenye taa imetolewa kwenye shingo na mbao.

Nikipewa tena bahasha, na nimepewa, nafanya hivi. Nalishika gitaa kama mtu anayelenga bunduki, nachungulia kutoka kichwani kwenda tumboni kuona kama shingo imenyooka. Napima pengo kati ya uzi na kile chuma cha kumi na mbili. Likizidi milimita 3 vidole vya wanafunzi vitaumia, nalirudisha. Pale pale kwenye chuma cha kumi na mbili naugusa uzi kidogo bila kuukandamiza, unalia kama kengele, kisha naukandamiza. Sauti mbili zisipolingana, gitaa hilo halitapatana na kinanda maisha yake yote. Nazungusha vifungo vya kukazia. Naangalia maungio. Na naomba plaiwudi, kwa sauti, bila aibu. Muuzaji wa mara ya pili alinitazama kama mshamba.

Lilibaki salama kiangazi chote. Sauti yake ni ya kawaida, sitadanganya. Halina ile asali. Kwenye ibada ya watu mia tatu halisikiki, kwa hiyo tunaliwekea maikrofoni mbele, na mpigaji anakatazwa kucheza.

Lile lililopasuka nililipeleka kwa fundi seremala anayetengeneza vitanda. Aliligeuzageuza, akacheka mbao zilivyo nyembamba, akaweka kiraka cha mninga kwa ndani na gundi. Nilimwambia mninga wetu unauzwa nje kwa watengeneza magitaa, akasema hajui magitaa ila mninga anaujua. Kiraka kimeshika. Wanajifunzia watoto wa shule ya Jumapili, na wao nao wanaliita galatoni.

Maharage ya mwaka huu yamelipa kidogo. Kamati imetenga 80,000 ya kinasa cha kubana kwenye tundu la lile la plaiwudi, kile kisichohitaji betri. Nasubiri mtu anayekwenda Kahama.