Utamaro na Kitabu cha Wadudu

Kabla Kitagawa Utamaro hajavuma kwa picha za wanawake warembo, alichora kiwavi. Kiwavi huyo, manyoya tele mwilini, yumo katika Ehon mushi erami, kitabu cha picha za wadudu kilichotolewa mwaka 1788 huko Edo, jiji tunalolijua leo kama Tokyo. Kina picha 15, na kila picha ina viumbe wawili na mashairi mawili. Nyigu yuko na kiwavi, naye kereng'ende yuko na kipepeo. Nyoka, chura na konokono nao wamo, kwani Wajapani wa zama zile waliwaweka katika kundi hilohilo.

Mashairi yenyewe ni kyoka: mizani 31 katika mishororo mitano ya 5, 7, 5, 7 na 7, bila vina. Ni umbo la ushairi wa heshima wa kale, ila watunzi wa kyoka walilitia utani. Washairi 30, kila mmoja kwa lakabu yake, walitunga juu ya mapenzi kwa kupitia mdudu. Aliyeyakusanya mashairi hayo, Yadoya no Meshimori, alikuwa mwenye nyumba ya wageni. Mchapishaji, Tsutaya Juzaburo, alikuwa mtunzi pia, kwa jina la Tsuta no Karamaru. Katika vikundi vya watunzi wa kyoka samurai alikaa mkeka mmoja na mfanyabiashara, jambo zito katika nchi iliyowagawa watu kwa matabaka.

Lakini kwa washairi wale mdudu alikuwa kisingizio cha kusema penzi. Utamaro alimtazama mdudu mwenyewe, na kwangu mimi ndiyo sababu picha zimeyapita mashairi.

Tazama manyoya ya yule kiwavi. Picha hizi zilichapwa kwa mbao za kuchongwa: mchoro ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, kisha mchongaji akachimba kila pasipo na mstari. Ili unyoya mmoja usimame, kisu kilipaswa kupita kushoto kwake na kulia kwake bila kuugusa, na akikosea mara moja umekwenda. Huo ni ubao wa wino mweusi tu. Rangi zilidai mbao zao, na karatasi ileile ililazwa juu ya kila ubao, palepale, ikasuguliwa kwa mkono. Wachoraji ndio tunaowasifu. Mikono hii nayo inastahili sifa.

Nalo jicho la Utamaro lilianza mapema: mwishoni mwa kitabu ameandika mwalimu wake, Toriyama Sekien, aliyefariki mwaka huohuo. Anamkumbuka mwanafunzi wake akiwa mtoto, akiwinda wadudu na kumshika nyenje kiganjani, amezama kumtazama.

Utamaro aliendelea na kitabu cha makombe ya baharini, kisha cha ndege. Maneno ya Sekien yalifika mbali zaidi: mwaka 1891 mwandishi Mfaransa Edmond de Goncourt aliyatia katika kitabu chake juu ya Utamaro, na wasomaji wa Ufaransa wakamjua mtoto yule wa Edo na nyenje wake.