Mbolea na Mvua Katika Shamba la Broadbalk

Kaskazini mwa London, pembeni mwa mji mdogo wa Harpenden, kuna shamba liitwalo Broadbalk, mali ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted. Tangu mwaka 1843 limekuwa likipandwa ngano kila mwaka, shamba zima au sehemu yake. Ndani yake umo ukanda mmoja ambao tangu mwanzo haujaonja mbolea, si samadi wala ya chumvichumvi. Hulimwa, hupandwa na kuvunwa kama kanda jirani zake, na hadi leo hutoa takriban tani 1 kwa hekta.

Ngano yenyewe ni ile ya majira ya baridi. Huingia ardhini mnamo Oktoba, huota, huvumilia theluji, kisha huvunwa Agosti. Bila wiki kadhaa za baridi haitoi masuke. Ngano ya Narok au Uasin Gishu, nchini Kenya, haina haja hiyo. Yenyewe hungoja mvua tu.

Mwenye shamba alikuwa John Bennet Lawes, tajiri kijana aliyerithi ardhi ya ukoo na kupenda kemia. Mwaka 1842 alipata hataza ya kutengeneza supafosfeti, na mwaka uliofuata akafungua kiwanda Deptford, jijini London. Mwaka huohuo alimwajiri mkemia Joseph Henry Gilbert, na wawili hao wakafanya kazi pamoja kwa miaka 57, mpaka Lawes alipofariki mwaka 1900. Ni vizuri kukumbuka kwamba mfanyabiashara wa mbolea ndiye aliyeamua kuacha sehemu ya shamba lake bila mbolea hata punje. Bila ukanda ule, hakuna hesabu yoyote ya Broadbalk ambayo ingekuwa na maana.

Enzi hizo sauti iliyosikika zaidi Ulaya kuhusu lishe ya mimea ilikuwa ya Mjerumani Justus von Liebig, ambaye Gilbert mwenyewe alipata kusoma kwake. Liebig alishikilia kwamba mmea hupata nitrojeni ya kutosha kutoka hewani na kwenye mvua, hivyo mkulima ana kazi ya kurudisha madini peke yake. Broadbalk ilijibu vingine. Kanda zilizopewa madini bila nitrojeni ziliuzidi kidogo tu ule usio na kitu, ilhali zilizoongezewa chumvi za amonia zilipanda kwa kishindo. Ukanda wa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka, ulikwenda sambamba na zile bora za mbolea ya viwandani. Liebig alikasirika, na mabishano yakaendelea kwa miaka mingi.

Lakini mbolea ileile, kwa kipimo kilekile, haikuleta mavuno yaleyale kila mwaka. Hapo ndipo historia ya shamba hili inaponivutia zaidi. Mwaka 1849 mabomba ya udongo wa kufinyanga yalikuwa yamefukiwa chini ya kila ukanda ili kutoa maji yaliyozidi. Mwaka 1866 vishimo vilichimbwa kwenye miisho ya mabomba hayo, na maji yaliyotiririka yakakingwa na kupelekwa kwa mkemia Augustus Voelcker. Aliyapima akakuta nitreti, na kadiri ukanda ulivyopewa amonia nyingi ndivyo maji yake yalivyobeba nitreti nyingi. Fosfeti ilibaki udongoni. Nitrojeni iliyonunuliwa kwa fedha ilikuwa inasombwa na mvua za baridi kabla mizizi michanga haijaifikia. Hatimaye sehemu kubwa ya amonia ikahamishiwa majira ya kuchipua, ngano inapoanza kukua kwa kasi. Mwaka 1879, wenye mvua na baridi kupita kiasi, ulileta moja ya mavuno mabaya kabisa katika historia ya Uingereza, na Broadbalk haikusalimika.

Kuipima athari ya mvua kulihitaji mtu wa hesabu. Ronald Fisher aliajiriwa Rothamsted mwaka 1919, akakuta madaftari ya mavuno ya miaka zaidi ya 70 na vipimo vya mvua vya tangu 1853. Kutokana na rundo hilo alionyesha kwamba mvua iliyozidi wastani, kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilipunguza ngano, na akautaja upotevu wa nitreti kuwa sababu kubwa. Mbinu za takwimu alizozibuni pale leo hutumika hata katika majaribio ya dawa za binadamu.

Mwaka 1968 zilianza kupandwa mbegu za mabua mafupi, zinazobeba nitrojeni nyingi bila kulala chini. Katika kanda bora, penye mzunguko wa mazao, mavuno yamewahi kufika karibu tani 10 kwa hekta.

Ubora ni hesabu nyingine. Nitrojeni huongeza protini inayoufanya mkate uumuke. Joto kali punje zinapojaa hufupisha siku za kujaa, punje zikabaki nyembamba. Mvua ikinyesha ngano ikiwa imeiva, punje huanza kuota masukeni na unga wake hutoa mkate wa kunatanata.

Rothamsted huhifadhi sampuli za nafaka, mabua na udongo tangu 1843, nyingi zikiwa katika chupa zilizozibwa. Watafiti waliozifungua na kupima madini walichapisha matokeo yao mwaka 2008. Zinki, chuma, shaba na magnesiamu havikubadilika sana hadi katikati ya miaka ya 1960, kisha vikashuka mbegu fupi zilipoingia. Udongo haukuwa umepungukiwa. Upungufu ulitokana na mbegu zenyewe na wingi wa mavuno.

Salfa nayo ina kisa chake. Kwa miongo mingi moshi wa makaa ya mawe uliimwaga mashambani bure. Hewa ya Uingereza iliposafishwa, ngano ikaanza kuikosa, na unga wenye salfa kidogo hutoa kinyunya kigumu kisichonyumbuka. Wakulima wengi wa ngano nchini humo sasa huinunua salfa na kuitia shambani pamoja na nitrojeni.