Insulini Haikutosha: Historia ya Utunzaji wa Wajawazito Wenye Kisukari, 1922–1989

Utangulizi

Insulini ilipoanza kutumiwa kwa wagonjwa mjini Toronto, Januari 1922, mwanamke mwenye kisukari alipata tumaini la kufikia umri wa kuzaa na kutoka katika uzazi akiwa hai. Tumaini hilo halikumfikia mtoto kwa kasi ileile. Kwa miongo kadhaa, watoto wengi wa akina mama hao waliendelea kufa, aghalabu wakiwa tumboni katika majuma ya mwisho ya ujauzito. Insha hii inachunguza pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba dawa ilimwokoa mama, lakini mtoto aliokolewa na mpangilio wa utunzaji pamoja na kutambuliwa kwa wakati ambapo madhara hutokea.

Boston: mpangilio na homoni

Mwaka 1924 Dkt. Priscilla White alijiunga na kliniki ya Elliott Joslin mjini Boston, alikohudumu kwa takriban nusu karne. Aliwaunganisha madaktari wa kisukari, wa uzazi na wa watoto, akahimiza mjamzito aonwe mara kwa mara, na akataka mtoto azalishwe majuma kadhaa kabla ya siku zake kutimia. Mbinu hii ilikuwa na gharama: mtoto aliyeepushwa na kifo cha tumboni aliweza kufa kwa sababu mapafu yake hayajakomaa. Mwaka 1949 White alichapisha uainishaji uliowapanga wajawazito kwa herufi, kwa kuzingatia umri ambao ugonjwa ulianza, muda uliodumu na madhara yake katika mishipa ya damu. Uainishaji huo ulibainisha nani yumo hatarini zaidi; haukueleza kwa nini mtoto hufa.

White aliamini kuwa chanzo kimojawapo kilikuwa upungufu wa homoni, hivyo akawapa wagonjwa wake stilbestroli. Kwa kuwa mambo mengi yalibadilishwa kwa pamoja, haikuwa rahisi kujua lipi lililoleta nafuu. Jaribio lililofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 1955, ambamo kundi moja lilipewa homoni na jingine halikupewa, halikuona manufaa yoyote. Mwaka 1971 watafiti wa Boston waliihusisha dawa hiyo, ambayo wajawazito wengi wasio na kisukari pia walikuwa wamepewa, na saratani ya uke kwa mabinti zao.

Copenhagen na Göteborg: sukari yenyewe

Maelezo yaliyodumu yalitoka Denmark. Jørgen Pedersen wa Copenhagen alidai, katika miaka ya 1950, kwamba sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, ilhali insulini yake haipiti kwa kiasi cha kutosha kumsaidia mtoto. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi. Mtoto hunenepa kupita kiasi, na sukari yake hushuka ghafla anapozaliwa. Mwaka 1972 Karlsson na Kjellmer wa Göteborg, Uswidi, walionyesha uzito wa jambo hili kwa takwimu. Pale ambapo wastani wa sukari ya mama ulikuwa chini ya miligramu 100 kwa mililita 100 za damu, takriban watoto 4 katika 100 walifariki; ulipozidi miligramu 150, walifariki takriban 24.

Kabla ya mimba

Vifo vilipopungua, ulemavu wa kuzaliwa nao ulibaki kuwa tatizo kubwa. Moyo na uti wa mgongo huanza kuumbika katika majuma ya mwanzo, mara nyingi kabla mwanamke hajajua kuwa ni mjamzito. Mwaka 1983 Fuhrmann na wenzake wa Karlsburg, Ujerumani Mashariki, waliripoti ulemavu kwa asilimia 0.8 ya watoto ambao mama zao walidhibiti sukari kabla ya kushika mimba, na asilimia 7.5 kwa walioanza baadaye.

Hitimisho

Azimio la St Vincent la mwaka 1989, nchini Italia, liliweka lengo kwamba matokeo ya ujauzito wa mwanamke mwenye kisukari yakaribiane na ya asiye nao. Safari iliyoelezwa hapa inaonyesha masharti ya lengo hilo: kila hatua iliyookoa watoto ilisogeza utunzaji nyuma, kutoka chumba cha kuzalia hadi miezi ya ujauzito, na hatimaye hadi kabla ya mimba yenyewe. Kwa hiyo huduma inayoanza katika hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito, hata ikiwa na insulini ya kutosha, huwa imekwisha kuchelewa kwa sehemu ya hatari inayokusudiwa kuzuiwa.