Fuvu Lililofunguliwa Bila Kisu

Msomaji, ukifika Nakuru utasimuliwa habari za ziwa na heroe wake, lakini vijana wa mtaa wa Bondeni huenda wakakutajia ngumi kwanza. Mji huu umelea mabondia tangu zamani, hata una ukumbi uitwao Madison Square Garden, kwa kuufuata ule wa New York. Philip Waruinge, bondia wa Nakuru, alipata nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ya fedha huko Munich mwaka 1972. Basi tuitazame historia ya chombo kimoja cha tiba kama watu walioketi kando ya ulingo. Bondia ameanguka, amezinduka, naye asema hajambo. Je, ndani ya fuvu lake mna nini?

Kwa miaka mingi swali hilo halikuwa na jibu. Röntgen alipogundua eksirei mwaka 1895, wengi walidhani mwili wote umefunuliwa. Sivyo. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo ni laini, nao umezungukwa na mfupa. Pichani fuvu huonekana, ubongo hauonekani. Mwaka 1919 Walter Dandy wa Marekani alianza kupenyeza hewa mgongoni mwa mgonjwa, ipande hadi vyumba vilivyomo ndani ya ubongo. Mgonjwa aliumwa kichwa vibaya na kutapika, na daktari alipata dalili tu: vyumba vikiwa vimesukumwa kando, pengine pana uvimbe. Ilikuwa bei kubwa kwa neno “pengine”.

Njia ya kuondoa pazia hilo ilifikiriwa kwanza katika bara letu. Mwaka 1956 Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, alifanya kazi kwa muda katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliona kwamba mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, hesabu zaweza kueleza kila sehemu ya ndani imezuia mionzi kiasi gani. Alizichapisha hesabu hizo mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyejali. Miongoni mwa wachache walioomba nakala walikuwamo wachunguzi wa maporomoko ya theluji huko Uswisi!

Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, iliyojulikana zaidi kwa sahani za santuri, hakuwa na habari za Cormack. Jaribio lake la kwanza lilihitaji siku 9 kupata picha moja. Lakini tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe alilazwa mtamboni, Daktari James Ambrose akisimamia. Kompyuta ilizigeuza namba kuwa picha, na doa jeusi la mviringo likaonekana sehemu ya mbele ya ubongo. Mpasuaji alipofungua, aliukuta uvimbe pale pale. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield walishirikiana Tuzo ya Nobeli.

Sasa turudi ulingoni. Skani ya CT, ndilo jina la kipimo hicho, huonyesha ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa, tena kwa dakika chache. Damu mbichi huonekana nyeupe. Baada ya majuma kadhaa hufifia na kuwa nyeusi kuliko ubongo. Kwa hiyo daktari huweza kuuona utando wa damu unaougandamiza ubongo, nao ndio uuao mabondia wengi wanaofia ulingoni, akajua pa kutoboa. Toka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, na damu hiyo haingoji gari.

Hata hivyo, usidhani skani safi ni cheti cha kurudi kupigana. Mwaka 1928 Harrison Martland alieleza ugonjwa wa mabondia wa zamani: mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, akili hufifia. Madaktari wa Marekani waliowapima mabondia kwa skani waliandika mwaka 1983 kwamba kadiri mapambano yalivyozidi, ndivyo dalili za kusinyaa kwa ubongo zilivyozidi. Lakini huko kusinyaa huonekana madhara yakiwa yamekwisha kutokea. Nyuzi ndogo zinazoweza kukatika kwa mapigo, skani haizioni, na hadi leo ugonjwa huo huthibitishwa kwa hadubini, mwenyewe akiwa amekwisha kufa.