Poutine
Poutine ni chakula cha jimbo la Quebec nchini Kanada. Ni chipsi za viazi zilizochanganywa na vipande vya jibini changa, kisha kumwagiwa mchuzi mzito wa kahawia ukiwa moto. Jibini ikiwa ya siku hiyohiyo hutoa mlio inapotafunwa. Mchuzi huilainisha tu, hauiyeyushi kabisa. Jibini iliyokunwa haifai.

Chakula hiki kilianza vijijini mwishoni mwa miaka ya 1950. Miji ya Warwick na Drummondville, yote ya Quebec, inagombea heshima ya kukianzisha. Kwa muda mrefu kilichekwa kuwa chakula cha washamba, na kejeli hiyo iliwalenga hasa Waquebec wenyewe. Siku hizi hutajwa kama chakula cha taifa zima la Kanada, jambo ambalo baadhi yao hawalifurahii, na si ajabu.

Kwa Kifaransa jina lake huandikwa sawa na la rais wa Urusi, Vladimir Putin. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuvamia Ukraine, mkahawa mmoja wa poutine nchini Ufaransa ulipokea matusi na vitisho, ukalazimika kutangaza kwamba hauhusiani na serikali ya Urusi.